Rubaya inachimba, telefone zetu zinajaa: wenye kuandika programu tufagie vitu vyetu

Kila mara Rubaya inapotajwa kwenye redio, tunajua kinachofuata: vita, mashimo yaliyoporomoka ao bei ya koltani. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo halipati nafasi kwenye habari. Ni namna programu za telefone na za ordinatere zinavyochukua memwari na kukataa kuirudisha, na namna sisi wenye kuandika programu hapa Kivu tumezoea kusema kwamba hiyo si kazi yetu. Mimi nasema ni kazi yetu.

Tuanze na koltani, maana kuna kosa moja linalorudiwa sana mitaani. Watu wengi wanasema koltani ndiyo memwari ya telefone. Sivyo. Koltani ni mawe yenye kubeba tantali na niobi. Tantali inatengenezwa kondansateri, vitu vidogo sana vinavyoshika umeme na kuutoa kwa utulivu, ili sehemu nyingine za telefone zisipate umeme wa kurukaruka. Memwari ya kazi, ile tunayoita RAM, ni kitu kingine: ni vyumba zaidi ya bilioni 8 kwa kila GB, na kila chumba kinashika chembe ya umeme inayovuja, hata mashini inalazimika kuijaza upya karibu kila milisekunde 64. Lakini vyote viwili vinakaa kwenye telefone moja. Siku mwenye telefone anaposema "imechoka" kwa sababu RAM imejaa, tantali iliyo nzima inatupwa pamoja nayo.

Na sisi tunajua tantali hiyo inatoka wapi. Rubaya, katika teritwari ya Masisi, kilometa karibu 60 kutoka Goma, inatoa karibu asilimia 15 ya koltani ya dunia nzima. Tangu mwisho wa Aprili 2024 iko mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwishoni mwa mwaka huo kwamba tani karibu 120 zilikuwa zinavushwa kila mwezi kwenda Rwanda, na kwamba kodi peke yake ziliingiza dola 800,000 hivi kwa mwezi. Mwishoni mwa Januari 2026, wakati wa mvua, udongo ulifunika watu machimboni. Viongozi wanaoshika sehemu hiyo walisema waliokufa ni zaidi ya 200.

Krezeri anayeingia katika mashimo hayo, siku akipata pesa za telefone, hanunui ile inayotangazwa kwenye televisheni. Ananunua yenye RAM ya GB 1 ao 2, mara nyingi iliyokwisha kutumiwa na mwingine. Anafungua aplikasyo ya kutumia mama yake pesa, inazimika. Anafungua tena, telefone inakuwa moto mkononi. Anajaza fomu, anapigiwa simu katikati, akirudi fomu imekuwa tupu, kwa sababu Android ikiona RAM inaisha inaua aplikasyo iliyo nyuma ili ile ya mbele iishi. Baada ya mwaka mmoja wanamwambia anunue mpya. Telefone ni ileile. Programu ndizo zilizonenepa.

Kabla ya kuhukumu wengine nitajihukumu mimi.

Mwaka 2022 mfanyabiashara mmoja wa Rubaya aliniomba nimwandikie programu ya kuandika magunia yanayoingia katika depo yake: kilo, nambari ya kibandiko, jina la aliyeleta, na foto ya gunia. Niliiandika kwa Python, kwenye ordinatere ya mitumba yenye RAM ya GB 2. Nyumbani niliijaribu na magunia 5. Ilikimbia vizuri kabisa. Nikapokea pesa zangu, nikarudi Goma na furaha.

Siku ya tatu mzee akanipigia.

"Fundi, mashini yako asubuhi ni kijana, saa sita ni mzee, saa nane imekufa."

"Papa, uliizima na kuiwasha tena?"

"Niliizima mara tatu. Ikiamka inafanya kazi, kiisha inalala tena kama mtu aliyekula bugali mwingi. Watu wako kwenye mstari na magunia mabegani. Uje."

Nilipanda motari, tukapita Sake, Mushaki, matope mpaka magotini. Nilipofika nilikuta grupu inakunywa mafuta bure, kamiyo inasubiri, na karani anaandika kwenye karatasi kama zamani. Kila mtu alinitazama. Ile njia ya matope ndiyo iliyonifundisha memwari kuliko masomo yote ya informatiki niliyofanya.

Kosa lilikuwa hili. Kila gunia lilipoandikwa, programu ilifungua foto yake ili kuionyesha, kiisha ikaiweka katika orodha moja niliyoiita "magunia". Foto ya telefone ya megapikseli 12 ikiwa kwenye kadi inaonekana ndogo, pengine MB 3 ao 4, kwa sababu imekunjwa. Ikifunguliwa, kila nukta inataka baiti 3. Nukta milioni 12 mara 3 ni MB 36. Magunia 40 ni MB 1,440. Na ordinatere ya GB 2 tayari ilikuwa imegawia Windows fungu lake kubwa. Karibu na gunia la 30 mashini ilianza kutafuta nafasi kwenye diski, na diski ni polepole; kwenye gunia la 40 haikujibu tena.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilikuwa nimefundishwa, na mimi pia nimefundisha wengine, kwamba Python inajisafisha yenyewe. Mwandishi wa lugha ya C anatakiwa kuomba nafasi na kuirudisha kwa mkono wake. Sisi wa Python na JavaScript tunaambiwa tuandike tu, kuna mfagiaji anayepita nyuma yetu. Mfagiaji yuko kweli. Lakini hatuulizi anafagia nini.

Python inahesabu. Kila kitu kilicho katika memwari kina hesabu yake pembeni: kinashikwa na majina mangapi. Ukikipa jina, hesabu inapanda. Ukikitia katika orodha, inapanda tena. Jina likikatwa, inashuka. Ikifika 0, kitu kinatolewa palepale na nafasi yake inarudi. Mbinu hiyo George Collins aliichapisha mwaka 1960, na Guido van Rossum, aliyetoa Python mwaka 1991, akaijengea lugha yake.

Sasa tazama daftari la depo. Gunia limepakiwa, limefika Goma, limeuzwa, hata pesa zake zimekwisha kuliwa. Lakini mstari wake katika daftari haujakatwa. Kwa mwenye daftari gunia bado liko. Python haina macho ya kuona kamiyo ikiondoka, inaona daftari tu. Orodha yangu ilishika foto 40, hesabu ya kila moja ilikuwa 1, na kwa Python 1 ni uhai. Mfagiaji hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba vitu vyote vile bado ninavihitaji.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui: neno "del" katika Python haliui kitu. Linakata jina tu. Kama kuna jina lingine ao orodha nyingine inayokishika, kitu kinaendelea kuishi na kula nafasi. Nimeona vijana wakijaza "del" kila mahali kama mtu anayenyunyiza dawa ya mbu, na memwari haishuki hata kidogo.

Dawa yenyewe ilikuwa mistari 4. Fungua foto, tengeneza nyingine ndogo ya nukta 200 kwa 150, funga ile kubwa mara moja, na katika orodha bakiza ndogo pamoja na jina la faili. Ndogo inataka baiti 90,000. Magunia 40 hayafikishi MB 4. Mtu akitaka kuona kubwa, programu inaifungua wakati huo kutoka kwenye diski na kuifunga akimaliza. Siku nzima ya watu kusimama kwenye mstari, kwa kosa la mistari 4.

Kulikuwa na kosa la pili, lililojificha zaidi. Katika programu yangu kila gunia lilishika mwenye kulileta, na kila mwenye kuleta alishika orodha ya magunia yake. Tuseme hivi kwa mambo ya nyumba kumi. Watu wawili wamehama kwenda kambini. Katika kitabu cha chef wa avenyu, wa kwanza ameandikwa kuwa mgeni wa pili, na wa pili kuwa mgeni wa kwanza. Ukiuliza habari za huyu, unaambiwa yuko, mwenzake anamshuhudia. Ukiuliza za yule, vilevile. Nyumba zote mbili ni tupu na hakuna anayeweza kuzipangisha. Katika Python, vitu viwili vya namna hiyo haviwezi kufika 0 kwa kuhesabiwa, hata kama programu nzima imevisahau.

Ndiyo maana tangu Python 2.0, mwaka 2000, lugha hiyo ina mfagiaji wa pili, anayetafuta mizunguko ya aina hiyo. Lakini huyo anapita mara kwa mara, hapiti palepale. Kama mzunguko wako umebeba foto za MB 36, utakaa nazo mpaka zamu yake ifike. Njia ya adabu ni kutumia kishiko dhaifu, kile Python inachokiita weakref: gunia linajua mwenyewe ni nani bila kumshika, kama unavyojua nyumba ya jirani bila kuwa na ufunguo wake. Jirani akihama, unaambiwa amehama, basi.

JavaScript, lugha ya karibu kila ukurasa unaofungua kwenye telefone, haihesabu namna hiyo. Inafuata njia ya John McCarthy, ambaye aliieleza mwaka 1960 kwa ajili ya lugha ya Lisp. Unaanza kwenye mizizi, vitu ambavyo programu inavishika waziwazi sasa hivi. Unafuata kila kinachofikiwa kutoka hapo na kukitia alama. Ukimaliza, kisicho na alama kinafagiwa. Wale wageni wawili wanaoshuhudiana hawasumbui tena, maana hakuna njia kutoka kwa chef mpaka kwao.

Kwa mtu wa huku mfano uko mlangoni: ni salongo. Siku ya salongo maduka yanafungwa, chukudu zinasimama, kila mtu anashika ufagio. Mji unapata usafi, lakini kwa saa hizo huuzi wala hununui. Mfagiaji wa McCarthy alikuwa hivyo: programu inasimama, ufagio unapita, programu inaendelea. Ule mkwamo mdogo unaouona ukipandisha ukurasa kwa kidole, mara nyingine ndio huo. Waandishi wa mashini za JavaScript wamefanya kazi kubwa kuikata salongo vipande vidogo, na kuangalia vitu vipya mara nyingi kuliko vya zamani, kwa sababu vitu vingi katika programu vinakufa vikiwa vichanga. Hata hivyo, ukishika vitu vingi, kazi ya kutia alama inakuwa ndefu, na betri ndiyo inayolipa. Rubaya watu wanalipa pesa kushaji telefone.

Tena salongo haiingii nyumbani kwako. Inachukua takataka isiyo na mwenyewe. Ukiwa umefungia gunia la majani makavu chumbani, ufagio wa barabara haulifikii. Katika JavaScript tunafungia namna hiyo bila kujua. Tunaweka saa ya kurudia jambo kila sekunde na hatuizimi. Tunaweka msikilizaji kwenye kitufe cha ukurasa, tunafuta ukurasa, lakini msikilizaji bado ameandikwa mahali pengine. Na fonksyo iliyozaliwa ndani ya nyingine inabeba mfuko wa vitu vya mama yake popote inapokwenda; ukiishika fonksyo moja ndogo, pengine umeshika orodha ya wateja 5,000. Kwenye ordinatere ya GB 16 hakuna atakayeona. Kwenye zile telefone za vibonyezo za KaiOS, ambazo aplikasyo zake ni JavaScript na nyingine zina RAM ya MB 256 tu, mteja ataona kabla ya saa sita.

Hapa nitasema neno kwa ndugu zangu wa PHP, maana ndiyo lugha vijana wengi wanaanza nayo. PHP ilitulea vibaya. Ukurasa unaombwa, vitu vinazaliwa, jibu linatumwa, vyote vinakufa pamoja. Ukiacha uchafu, nyumba nzima inabomolewa mara jibu likiisha kutumwa, nani atauona? Halafu kijana huyo anapewa kazi ya aplikasyo inayokaa wazi kutoka asubuhi mpaka jioni, na anaandika vilevile.

Najua jibu nitakalopewa, nimelisikia mara nyingi: RAM ni rahisi siku hizi, mteja anunue mashini kubwa. Wengine wananikumbusha kwamba Instagram wenyewe walieleza mwaka 2017 kwamba walizima yule mfagiaji wa mizunguko wa Python, na seva zao zikafanya kazi vizuri zaidi, karibu asilimia 10. Ni kweli. Lakini wasome mpaka mwisho. Walipima kwanza, walijua memwari yao inakwenda wapi, na walikuwa na mashini za kutosha kuzima moja na kuwasha nyingine. Kuzima ufagio baada ya kupima ni tofauti na kutojua kama ufagio uko.

Na hiyo RAM rahisi, ni rahisi kwa nani? Anayesema hivyo ana telefone mpya kila miaka miwili. Yule wa Rubaya, ambaye jasho lake liko ndani ya telefone zote mbili, ile iliyotupwa na ile iliyonunuliwa, ndiye anayeambiwa aongeze pesa kwa sababu mimi sikukata mstari katika daftari.

Sitadanganya kwamba programu safi zitamaliza vita, ao kwamba koltani haitachimbwa tena. Hata maisha ya telefone hayategemei memwari peke yake. Betri inakufa, kioo kinavunjika, na mtengenezaji anaacha kutuma marekebisho kwa telefone ambayo bado ni nzima, na hilo la mwisho naliona ni baya kuliko makosa yetu yote. Lakini mtengenezaji yuko mbali. Maandishi ya programu yangu yako mbele yangu.

Kwa hiyo ninaomba mambo ambayo hayahitaji serkali wala mfadhili. Mwalimu wa informatiki, hapa Goma, Bukavu ao Butembo, asiseme tena "lugha inajisafisha" na kupita. Awape wanafunzi zoezi moja: programu iwashwe saa mbili asubuhi, izimwe saa kumi jioni, na memwari yake iandikwe ubaoni kila saa. Kama hesabu inapanda tu na haishuki, hakuna alama, hata kama rangi ni nzuri. Vyombo viko na ni vya bure: Python ina tracemalloc tangu mwaka 2014, inakuonyesha mstari gani unaokula, na kivinjari cha kawaida kwenye ordinatere kina sehemu ya kupiga picha ya memwari na kulinganisha ya asubuhi na ya jioni.

Wenye kuagiza programu nao, yaani benki, kampuni za simu, mashirika yanayoandikisha wahamaji kambini, waweke katika mkataba sentensi moja: ijaribiwe kwenye telefone ya GB 1, siku nzima, na mtu asiyeijua. Nilikuwa katika mstari mmoja wa kuandikisha watu, sitataja wapi, ambapo kijana aliyeshika tableti alikuwa akiizima na kuiwasha kila baada ya familia kumi na kitu. Alidhani ni joto la jua. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliandikishwa mara tatu, na mara zote tatu jina lake likapotea kabla ya kutumwa. Jioni akaambiwa arudi kesho. Nilitaka kumuuliza kijana nani aliandika aplikasyo hiyo. Sikuuliza, nilikumbuka depo ya Rubaya.

Mzee wa depo sasa yuko Goma, kama wengi. Ile ordinatere alikuja nayo, imefungwa katika kitenge. Mwezi uliopita tuliiwasha nyumbani kwake, tukaingiza magunia 300 ya mchezo, foto moja ileile tukiirudia. Alikaa karibu na kioo mpaka jioni akingoja ilale.

"Leo haijalala," akasema.

"Hapana, papa."

"Mbona wakati ule ulilala nayo?"

Nikamwambia sikujua. Akacheka, akaizima mwenyewe ili kutunza umeme.